Kinywa cha Mpiga Zumari

Bibi yangu hakutaka mjukuu wake yeyote ashike zumari. Hakuwa na chuki na ngoma. Sikukuu ikifika alikuwa miongoni mwa wa mwanzo kujitanda kanga kwenda kiwanjani. Alichokiogopa ni meno. Aliamini kwamba mtoto anayepuliza tangu mdogo, meno yake ya mbele husukumwa nje kidogo kidogo mpaka midomo ishindwe kukutana. Ushahidi wake alikuwa nao nyumbani: ami yangu, mpiga zumari aliyejulikana Wesha nzima, alikuwa na meno ya juu yaliyochomoza. Babu naye alikuwa nayo ya namna hiyo hiyo, na babu hakupata kushika zumari maisha yake, lakini hilo halikuhesabiwa.

Nimekuwa tabibu wa meno kwa miaka mingi sasa, na swali la bibi bado ninaulizwa na wazazi. Sijalidharau hata siku moja, maana ni swali zuri. Kulitafutia jibu kumenionyesha kwamba nyumbani kwetu tulikuwa tukiogopa upande usio wenyewe. Zumari haina nguvu kubwa ya kuyaharibu meno. Meno yakiharibika, yakang'oka, ndiyo yanayoimaliza zumari, na mimi nimeyashuhudia hayo kwa mtu niliyempenda.

Wesha ni bandari ndogo upande wa magharibi wa mji wa Chake Chake. Madau ya wavuvi hushusha samaki hapo, na wanaokwenda kisiwa cha Misali hupandia mashua hapo hapo. Nilipokuwa mdogo, kabla ya waya wa umeme wa chini ya bahari kutoka Tanga kufika Pemba mwaka 2010, mitambo ya dizeli ya umeme ilikuwa pale kwetu, ikinguruma mchana na usiku. Zumari ya ami ilipenya hata mngurumo ule. Ikilia, watu walijua kirumbizi kimeanza: vijana wanaingia uwanjani wawili wawili na fimbo zao, huyu anapiga na yule anakinga, ngoma zinakwenda chini na zumari inakwenda juu, haikatiki. Palipokuwa na mchezo wa ng'ombe pia aliitwa, akatoka asubuhi na kurudi usiku sauti yake ya kusemea imekauka.

Haikatiki: hapo ndipo palipo na kazi yenyewe. Zumari ni ya mti, nyembamba juu na pana chini, ina matundu ya vidole, na kileleni mwake pana ulimi wa vijani vikavu vilivyofungwa pamoja, ambavyo hutetemeka pumzi ikipita. Chini kidogo ya ulimi huo pana kisahani cha duara. Mpigaji huuingiza ulimi wote kinywani, midomo yake ikakiegemea kisahani. Meno hayaugusi ulimi wala midomo haiubani. Unalia wenyewe katikati ya pumzi iliyojaa mashavuni. Mpigaji akitaka kuvuta pumzi hasimamishi sauti. Anayafinya mashavu yatoe hewa iliyowekwa akiba humo, na wakati huo huo anavuta nyingine kwa pua. Ami alijifunza hilo kwa bua la jani la mpapai na kikombe cha maji. Unapuliza ndani ya maji, mapovu yanapanda, unavuta pumzi kwa pua, na mapovu hayatakiwi kukatika. Mimi nilijaribu kwa siri nyuma ya nyumba, bibi akiwa shambani, na sikufika mbali.

Jamaa za zumari zimeenea kote walikopita mabaharia wa Bahari ya Hindi na zaidi: surnai ya Uajemi, shehnai ya India, na huku kwetu bung'o ya Wadigo. Zinazotiwa ulimi mzima kinywani na kupigwa kwa mashavu yaliyojaa ni nyingi, na midomo ya wapigaji wake imeandikwa kidogo sana katika vitabu vya utabibu. Vilivyoandikwa ni vya obo na tarumbeta za Ulaya. Mwanafunzi wa meno kutoka Pemba inambidi asome habari za kinywa cha mpiga obo, kisha akae na kufikiri mwenyewe habari za kinywa cha ami yake.

Jambo la kwanza lililonishughulisha halikuwa la meno hata kidogo. Idi moja ami alipiga siku mfululizo. Asubuhi alipoamka alikuwa amevimba chini ya masikio, pande zote mbili, uso umekuwa mpana. Watu wakasema matubwitubwi. Wengine wakasema ni kijicho, kwa sababu usiku wa jana alikuwa amesifiwa sana. Bibi akasema kazi ya zumari, na safari hii alikuwa amepatia. Nakumbuka ami alinishika kidole akanibonyezesha shavu lake karibu na sikio, nikahisi vitu vidogo vinapasukapasuka chini ya ngozi. Homa hakuwa nayo. Baada ya siku chache uvimbe ukatulia wenyewe, hakupewa dawa yoyote zaidi ya kuambiwa apumzike.

Miaka kadhaa baadaye, darasani, nilifundishwa kwamba kila mtu ana tezi kubwa ya mate mbele ya sikio, kulia na kushoto, na kwamba mfereji wake unafunguka ndani ya shavu, mkabala na magego ya juu. Kwa kawaida mate yanatoka na hewa haiingii. Lakini mtu anayejaza mashavu kwa nguvu, saa nyingi, anaweza kuisukuma hewa irudi nyuma kwenye mfereji mpaka kwenye tezi. Tezi inavimba, na ukibonyeza unasikia mapovu. Madaktari wa Ulaya waliyaona hayo kwa wafua vioo, wanaopuliza kioo cha moto kwa bomba, tangu karne ya 19. Wakayaona pia kwa wapiga tarumbeta. Nilikaa pale darasani nikamwona ami yangu waziwazi. Mara nyingi hali hiyo huisha yenyewe, ila ikijirudia tezi inaweza kuingia vijidudu, na hapo panahitajika daktari. Mpigaji apumzike, anywe maji, alikande shavu kutoka sikioni kuja mbele. Hayo matatu nimeyaeleza kwa wapigaji kadhaa, na hakuna hata mmoja aliyekuwa ameyasikia kabla.

Sasa nirudi kwenye meno, kwa sababu ndiko hofu iliko.

Mwaka 1939 Mmarekani mmoja, Edward Strayer, mtaalamu wa kupanga meno ambaye pia alikuwa mpiga basuni, alizigawa ala za kupuliza katika makundi manne kwa namna zinavyokaa mdomoni. Kundi la kwanza ni tarumbeta na ndugu zake, zenye kikombe kinachokandamizwa juu ya midomo. La pili ni zenye ulimi mmoja, klarineti na saksofoni, ambazo kidomo chake huegemea meno ya juu na mdomo wa chini ukakunjwa juu ya meno ya chini. La tatu ni zenye ulimi wa vijani viwili, ambamo midomo yote miwili hukunjwa ndani. La nne ni filimbi. Strayer alikwenda mbali zaidi: alifikiri kwamba daktari angeweza kumchagulia mtoto ala ya kumsaidia meno yake yarudi mahali pake. Mawazo hayo yalipendwa kwa muda mrefu, kwani ni kweli kwamba kila kundi linasukuma upande wake. Mantiki yake na mantiki ya bibi yangu ni moja: kinachosukumwa kitasogea.

Lakini jino halisogei kwa kusukumwa tu. Linasogea kwa kusukumwa kwa muda. Jino limeshikwa kwenye mfupa na nyuzinyuzi laini, na mfupa huo haujipangi upya mpaka msukumo ukae. Mwaka 1978 William Proffit, bingwa wa Marekani wa elimu ya kupanga meno, aliandika kwamba kinachoamua mahali pa jino si ukubwa wa nguvu bali ni urefu wa muda wake. Shinikizo jepesi la ulimi na midomo iliyotulia, mchana na usiku, lina athari kuliko nguvu kubwa ya dakika chache za kutafuna au kumeza. Kiwango kinachotajwa ni kama saa sita kwa siku. Ndiyo maana waya wa meno, ambao nguvu yake ni ndogo, unayasogeza, maana hautoki kinywani. Na ndiyo maana mtoto anayelala na kidole mdomoni usiku kucha anaweza kuharibika meno ya mbele, hali mwenziwe anayepiga zumari saa moja jioni hana dalili.

Kwa zumari ya kwetu kuna sababu nyingine juu ya hiyo. Nilisema ulimi wake haubanwi na chochote. Mdomo unakiegemea kisahani, kisahani kinausukuma mdomo kwenye meno ya mbele, yaani kinayasukuma kwa ndani. Hewa iliyojaa kinywani inasukuma kwa nje. Kwa hiyo hata ile picha ya bibi, ya meno yanayofukuzwa na pumzi yakatoka nje, haikubaliani na jinsi ala inavyokaa.

Utafiti ninaouamini zaidi ni ule uliofanywa Uingereza na kuchapishwa mwaka 2012. Watafiti walipima meno ya wanamuziki wa kazi 170 kutoka okestra na taasisi 21, wengine wapiga ala za kupuliza za aina mbalimbali na wengine wa fidla na ngoma ambao hawapulizi. Hawa wanapiga kila siku, tangu utotoni. Watafiti waliangalia meno ya juu yamechomoza kiasi gani, yanayafunika ya chini kiasi gani, yamebanana kiasi gani. Hawakuona tofauti ya maana baina ya makundi. Kitu kimoja tu kilijitokeza: wapigaji wa ala zenye kikombe kikubwa, kama tromboni na tuba, walikuwa na meno ya pembeni yasiyokutana vizuri, ya juu yakipita upande usio wake, zaidi kuliko wengine. Basi kama mtu anataka kumwogopea mtoto wake, amwogopee tuba, na tuba Pemba ni adimu.

Hayo ndiyo niliyotamani kumwambia bibi. Alikwisha fariki nilipoyajua.

Ami alipokaribia uzee, meno yake mawili ya juu ya mbele yalianza kulegea. Hayakulegezwa na zumari. Alikuwa mlaji tambuu tangu ujana, popoo, chokaa na tumbaku, kutwa nzima, na ufizi wake ulikuwa umerudi nyuma hata mizizi ikaonekana. Tambuu kwetu ni heshima, mgeni hukaribishwa kwayo, na sisemi haya kwa kuibeza mila. Lakini mtu anayeishi kwa kinywa chake anapaswa kujua kwamba tumbaku ya kutafuna inakula ufizi, na kwamba Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeiweka tambuu, iwe na tumbaku au isiwe nayo, katika orodha ya vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Wapiga zumari wengi niliowajua walikuwa walaji tambuu. Zumari ikabebeshwa lawama za tambuu.

Meno yale mawili yalitoka, na zumari ikanyamaza. Hili sikulitarajia, ingawa wakati huo nilikuwa nimekwisha anza masomo. Ikiwa ulimi wa zumari haugusi meno, meno yana kazi gani? Nilielewa nilipomwona akijaribu. Kisahani kinauegemea mdomo, na mdomo unahitaji kitu nyuma yake. Pale palipokuwa na meno, mdomo ulizama ndani, ufa ukabaki pembeni, na pumzi ikatoroka. Akikaza zaidi, misuli ya mdomo ikachoka baada ya muda mfupi. Sauti ilitoka nyembamba, kisha ikakatika. Kwake sauti kukatika ilikuwa aibu ambayo hakuweza kuibeba mbele za watu. Sikukuu iliyofuata alikaa nyumbani. Aliniambia, "Mwanangu, vidole vyangu bado vinajua kila kitu."

Kituo cha kwanza alichokwenda kilimtengenezea meno ya bandia ya kuvaa na kuvua. Kwa kula yalifaa. Kwa zumari yalikuwa balaa. Bamba linaloshika meno hukaa juu ya kaakaa kwa kunatana na mate. Pumzi ya zumari ikiingia chini yake, linanyanyuka na meno yanaanguka juu ya ulimi katikati ya wimbo. Mtu aliyemtengenezea hakufanya vibaya kwa alichojua. Hakuna aliyemwuliza ami anafanya kazi gani kwa kinywa chake, na ami, kwa adabu za watu wa rika lake mbele ya daktari, hakusema.

Nilimwomba mwalimu wangu mmoja anisaidie, naye akanipa agizo ambalo sijaliacha mpaka leo: mwambie aje na zumari. Meno ya bandia kabla ya kumalizwa hupangwa kwanza kwenye nta, mgonjwa akayavaa kujaribu. Ami aliletwa Chake Chake na zumari yake imefungwa kitambaa. Akavaa meno ya nta, akakiegemeza mdomo kisahani, akapuliza kidogo kidogo kwa kuogopa. Mwalimu wangu akatazama mdomo unakaa wapi, akayasogeza meno yale mbele kwa kiasi cha ukucha, mpaka yakarudi kuchomoza kama yalivyochomoza yake mwenyewe. Ni meno yale yale aliyoyashutumu bibi. Fundi angeyanyoosha vizuri kama ya watu wote, mdomo wa ami ungekosa mahali ulipozoea kukaa kwa maisha yake yote. Bamba nalo likatiwa vishikizo vya waya kwenye magego yaliyokuwa bado imara, ili pumzi isilinyanyue.

Ilimchukua miezi kurudi kiwanjani, na hakurudi kama zamani. Alipiga nyimbo fupi, akampisha mwanafunzi wake kwenye zile ndefu. Lakini alipiga, na waliokuwa wakicheza kirumbizi siku ile walisimama kwa heshima yake.

Mambo kama hayo yamewapata wakubwa wa dunia. Chet Baker, mpiga tarumbeta wa jazi wa Marekani, alipigwa mwaka 1966, meno yake yakaharibika mpaka akalazimika kuvaa ya bandia, na akaanza upya kujifunza namna ya kuweka midomo. Louis Armstrong midomo yake ilichanika mara kwa mara, na mwaka 1935 ilimbidi aache kupiga kwa kipindi. Madaktari walikuja kulitumia jina lake la utani, Satchmo, kuuita ugonjwa wa kupasuka misuli ya mdomo kwa wapiga tarumbeta. Hao habari zao zimeandikwa. Huku kwetu, siwa ya pembe ya Pate na siwa ya shaba ya Lamu zimehifadhiwa makumbusho, watu wanakwenda kuzitazama, nasi hatuna hata mstari mmoja juu ya midomo ya waliozipuliza. Hilo linaniuma.

Juzijuzi mama mmoja wa Wesha alimleta mwanawe skuli ikiwa imefungwa. Mtoto anajifunza zumari kwa mwanafunzi wa ami, na meno yake ya juu yamechomoza kidogo. Mama alitaka nimkataze. Nilimtazama mtoto, nikamwuliza kama analala mdomo wazi, kama ananyonya kidole, na baba yake ana meno gani. Baba yake ana meno yale yale. Nikamwambia mama amwache apige. Asipige na jino linalouma, wala na kidonda mdomoni. Zumari isipitishwe kinywa kwa kinywa kabla ulimi na kisahani havijaoshwa, maana darasa zima hujifunzia zumari moja na mafua ya mmoja huwa ya wote. Asipige mara tu baada ya soda au juisi ya ukwaju, asukutue kwanza. Apige mswaki, wa dukani au wa mti, asubuhi na kabla ya kulala. Na akikua, tambuu aiache kwa wengine.

Kisha nikachukua alama ya meno yake kwa ule unga unaoganda, nikamwaga plasta, nikaandika tarehe. Kazi yenyewe ni fupi na vifaa vyake si ghali. Mtoto yule akija kupoteza jino kwa ajali ya baiskeli au kwa ugonjwa akiwa mtu mzima, fundi atajua lilikaa wapi, limeinama kiasi gani, na hatabahatisha kama tulivyobahatisha kwa ami. Wapiga zumari walio hai Pemba nawaomba waje, Chake Chake, Wete, Mkoani, popote palipo na kiti cha meno, waje wangali wanayo meno yao, na waje na zumari zao. Na wenzangu tulio kwenye viti hivyo, kabla hatujashika koleo kwenye jino la mbele, tumwulize mgonjwa kwanza kama anapuliza chochote.